Kidude cha Shilingi 15,000

Kipo kwenye droo ya meza yangu, kimefungwa kwa rababendi pamoja na waya wake. Ni cha rangi ya fedha, kinaenea kwenye kiganja, na mgongoni kimeandikwa "4GB" kwa wino ambao kucha inaweza kuukwangua. Hakina jina la kampuni. Mahali ambapo jina lingekaa pameandikwa MP4, nayo ni porojo, kwa sababu video za MP4 hakikuwahi kuzicheza. Kilitaka video za aina yake, ziitwazo AMV, ambazo ilibidi kwanza uzigeuze kwa programu iliyokuja kwenye CD ndogo ndani ya boksi. Hatukulijua hilo. Tulihesabu tu kwamba nne ni zaidi ya tatu, kwa hiyo MP4 ni bora kuliko MP3, na muuzaji hakuona sababu ya kutusahihisha.

Baba alikinunua Kariakoo Desemba 2011, nilipofaulu darasa la saba. Muuzaji alianzia 25,000, wakavutana, Baba akajifanya anaondoka, akaitwa, wakamalizana kwa 15,000. Wakati ule hiyo ilikuwa chini kidogo ya dola 10. Siku mbili baadaye nilikuwa kwenye treni ya TAZARA nikielekea Mlimba kwa babu, hedifoni masikioni, nikisikiliza nyimbo mbili tu zilizokuwamo, zote za Kichina, moja ya kuimba na nyingine ya ala tupu. Nilizisikiliza njia nzima. Mpaka leo naweza kuzifuatisha kwa mluzi.

Sasa nasomea uzamili wa historia, na kila nikifungua kitabu kinachosimulia jinsi muziki ulivyoanza kutembea na watu, nakuta masimulizi yanaruka kutoka kwa kifaa maarufu hadi kifaa maarufu. Mwaka 1954 ilitoka Regency TR-1 ya Marekani, redio ya transista ya kutia mfukoni, kwa dola 49.95. Mwaka 1963 Philips walionyesha kaseti yao Berlin. Julai 1979 Sony wakatoa Walkman kwa yen 33,000. Oktoba 2001 ikaja iPod ya Apple, dola 399. Halafu simu, na kitabu kinafungwa. Katika orodha hiyo hakuna kitu ambacho mtu yeyote wa ukoo wetu aliwahi kukishika kikiwa kipya.

Hata hivyo kuna jambo moja kuhusu Walkman ambalo nilipolisoma nilikiangalia tena kidude changu. Walkman ya kwanza ilitokana na mashine ndogo ya kurekodia ambayo Sony walikuwa wakiiuza kwa waandishi wa habari, ikiitwa Pressman. Mafundi waliondoa uwezo wa kurekodi, wakaweka sauti ya stirio na tundu mbili za hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja. Ndani ya kampuni wapo waliotia shaka: nani atanunua mashine ya kanda isiyorekodi? Akio Morita, mwenyekiti wa Sony, aliisukuma mpaka ikatoka, na dunia ikaipenda. Lakini kwa kitendo hicho msikilizaji alipokonywa kitufe cha kurekodi. Alibaki kuwa mtu wa kupokea.

Kidude changu kilikuwa na kitufe hicho. Kiliandikwa REC, ubavuni, na tundu la maikrofoni lililolingana na ncha ya sindano. Sidhani kama yeyote aliyekitengeneza alikifikiria sana. Kilikuwapo kwa sababu chipu iliyokuwa ndani iliweza kurekodi, na kumpa mteja kitu cha ziada bila gharama ni biashara nzuri.

Chipu hizo zina historia yake. Vicheza MP3 vya kwanza vilikuwa ghali na vyenye nafasi finyu. Rio PMP300 ya mwaka 1998 iliuzwa dola 200 ikiwa na megabaiti 32, nyimbo zisizozidi kumi hivi kwa ubora wa kawaida. Kampuni za muziki za Marekani zilienda mahakamani kutaka izuiwe, zikashindwa, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikakubaliana na watengenezaji. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi, ila bei bado ilikuwa ukuta. Kilichoushusha ni mambo mawili. Kumbukumbu ya flashi, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba walikuwa wameibuni miaka ya 1980, iliendelea kushuka bei mwaka hadi mwaka. Na kule Zhuhai, mji wa kusini mwa China unaopakana na Macau, kampuni ya Actions Semiconductor ilianza kuuza chipu moja iliyofanya karibu kazi zote: kusoma faili, kutoa sauti, kuendesha skrini, kupokea redio kwa msaada wa kipande kidogo, kurekodi. Mwenye karakana alihitaji chipu hiyo, flashi, ganda la plastiki, betri na watu wa kuunganisha. Hakuhitaji wahandisi.

Ndani ya chipu moja maarufu ya jamii hiyo, ATJ2085, ubongo ulikuwa wa ukoo wa Z80, muundo ambao kampuni ya Zilog iliutoa mwaka 1976. Unaweza kucheka. Mwaka ambao TAZARA ilikabidhiwa rasmi ndio mwaka wa ubongo wa kile nilichokisikiliza ndani ya treni ya TAZARA. Ulikuwa muundo wa zamani, unaojulikana na kila fundi, na rahisi. Kazi nzito ya kufungua MP3 ilifanywa na sehemu nyingine pembeni yake. Kampuni ya SigmaTel ya Texas, iliyokuwa ikiuza chipu za namna hiyo kwa bei kubwa zaidi, ililalamika kwamba hataza zake zimekiukwa, na mwaka 2006 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikaipa haki. Bidhaa husika zikawekewa vizuizi kuingia Marekani. Kariakoo haikuwamo katika uamuzi huo.

Babu hakushangaa kuona kitu kidogo cha Kichina. Shikamoo yangu ilikuwa haijaisha kuitikiwa, tayari alikuwa amekichukua, amekigeuza, amekinusa. "Marahaba, mchumba. Na hawa jamaa bado wanatengeneza?" Alisema kama anayeuliza habari za majirani waliohama.

Alikuwa na haki ya kuwaita jamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ile, kipande cha Mlimba hadi Makambako, kinachopanda milima na kubeba mahandaki mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina na Watanzania hawakuwa na lugha moja. Mtaalamu alishika chombo, akafanya, kisha akakukabidhi ufanye. Mshahara wake wa miezi kadhaa, babu aliununulia redio yenye mkoba wa ngozi, iliyokula betri kubwa nne kwa mpigo. Zilipochoka hakuzitupa. Alizianika juani kama dagaa, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja au mbili, akazianika tena.

Kuna jambo ambalo nililijua chuoni na ambalo yeye, nadhani, alilijua kwa mikono yake bila kulisoma popote. Mkopo wa China kwa reli ile haukuwa na riba, lakini gharama za ndani, pamoja na mishahara ya vibarua kama yeye, zililipwa kwa njia ya pekee: China ilileta bidhaa, Tanzania na Zambia zikaziuza madukani, na fedha ya mauzo ndiyo ikaendesha ujenzi. Vitambaa, mabeseni, baiskeli, vyombo vya nyumbani. Kwa hiyo tunaposema bidhaa rahisi za Mchina zilianza kumiminika juzi, baada ya wafanyabiashara wetu kuzoea safari za Guangzhou, tunasahau kwamba ziliwahi kumiminika kabla, na kwamba kila aliyenunua beseni alichangia kidogo mshahara wa mtu aliyekuwa akichimba handaki. Kilichobadilika ni nani anayeagiza na nani anayebaki na chenji.

Usiku wa kwanza nilibonyeza REC kwa kujaribu tu. Babu akakisogelea. "Kinasikia?" Nikamrudishia sauti yake mwenyewe kwa hedifoni. Alikaa kimya, kisha akasema huyo mzee anaongea kwa kujisikia sana. Lakini tangu hapo, kila jioni baada ya kula, aliniita nikilete kile kidude chetu. Hakuwa msimuliaji wa ngano. Alisimulia kama mtu anayetoa taarifa ya kazi: mlikuwa wangapi, mlilala wapi, chakula kilikuwaje, nani aliangukiwa na jiwe. Mimi nilikuwa na miaka 13 na, niwe mkweli, nilibonyeza kitufe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusikiliza. Wakati mwingine nilikuwa nikiwaza nyimbo.

Nyimbo nilizipata siku ya nne. Binamu yangu alinipeleka kwenye kibanda karibu na stesheni, ambako kijana mmoja alikuwa na kompyuta yenye monita ya kichogo, jenereta lililofungwa nje kwa mnyororo, na karatasi ya bei ukutani. Wimbo mmoja shilingi 50. Ukitaka kujaza mpaka kikatae, 5,000. Tuliosoma miaka ile wote tunawajua vijana hao, ingawa hakuna atakayewaandika kwenye historia ya muziki wa Tanzania, na nadhani ni kosa. Wao ndio waliokuwa maktaba. Walikuwa na makabrasha yaliyopangwa kwa majina waliyobuni wenyewe: "Zilipendwa za Wazee", "Gospo Kali", "Za Kubembeleza". Waliandika majina ya nyimbo wanavyoyasikia, kwa hiyo nusu ya wasanii tuliwajua kwa herufi zisizo zao. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, na COSOTA ilikuwapo. Senti ya zile 5,000 haikumfikia msanii hata mmoja. Nayo haikuwa mara ya kwanza. Kabla yao walikuwapo wenye maduka ya kudurufu kanda, na kabla ya hao wasikilizaji waliorekodi kutoka redioni kidole kikiwa juu ya kitufe, wakiomba mtangazaji asiongee katikati.

Kijana alinijazia nyimbo zaidi ya 500. Kidude kilipokea zote bila kulalamika, na bado kilionyesha nafasi. Nilirudi nyumbani nikiwa tajiri. Jioni ile, na nyingine saba zilizofuata, niliendelea kurekodi.

Mtu akinunua gigabaiti nne kwa 15,000 mwaka 2011 angepaswa kujiuliza. Sisi hatukujua wa kumuuliza. Ndani kulikuwa na flashi ya gigabaiti moja. Mahali fulani kati ya karakana na meza ya muuzaji, mtu asiyejulikana, na sina sababu ya kumshuku aliyeunda chipu, alibadilisha programu ya ndani ili kila inapoulizwa ukubwa wake ijibu nne. Kompyuta haipimi, inauliza na kuamini. Kwa hiyo ukiweka faili baada ya gigabaiti ya kwanza kujaa, majina yake yanaandikwa kwenye orodha vizuri kabisa, urefu na tarehe, ila sauti yenyewe haiwekwi popote. Vifaa vingine vya namna hiyo huzungukia mwanzo na kuandika juu ya vya zamani. Changu kilikuwa cha aina ya kutupa tu. Hiyo ndiyo bahati niliyopata.

Niligundua kwenye treni ya kurudi. Nyimbo za mwanzo zilicheza, zilizofika kama ya 260 zikaanza kugoma moja baada ya nyingine. Nikafungua rekodi. Tatu za kwanza zilikuwapo. Nane zilizofuata zilionekana kwenye orodha, kila moja na dakika zake, na nilipobonyeza kila moja, skrini iliganda kidogo kisha ikanirudisha kwenye orodha.

Babu aliishi mpaka 2014. Kwenye simu alikuwa akiniuliza, "Mchumba, unanisikiliza?" Nilikuwa najibu ndiyo, babu, nakusikiliza. Sikuwahi kumwambia. Mwanzoni ilikuwa aibu ya kununuliwa kitu feki, baadaye ikawa aibu nyingine.

Hivi vidude havikudumu sokoni. Simu za bei nafuu zenye nafasi ya memori kadi zilivimeza ndani ya miaka michache, nazo nyingi zilikuwa feki vilevile. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima simu zote ambazo namba zake za utambulisho hazikuwa halali. Binamu yangu yule yule wa Mlimba alikuwa na moja. Asubuhi haikuweza kupiga wala kupokea, ila memori kadi ilikuwa ndani, spika ilikuwa inavuma, na betri ilikuwa na afya. Akaining'iniza kwenye baiskeli. Kwa miaka miwili zaidi simu ile ilifanya kazi ya kidude changu, kwa sauti kubwa zaidi. Nimewahi kumweleza msimamizi wangu wa utafiti kwamba huo nao ni mwaka unaopaswa kuingia katika historia ya vicheza muziki nchini, akacheka, kisha akaniambia niandike.

Utafiti wangu wenyewe unahusu bidhaa na magendo kwenye njia ya TAZARA kabla ya biashara kufunguliwa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka mmoja kabla, 1983, ilikuwa imeendesha kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na watu walificha au kutupa vitu ambavyo hawakuweza kueleza walivyovipata. Najua kwamba babu alinisimulia habari za mwaka ule. Najua kwamba mdogo wake alikuwa amerudi kutoka Zambia kwa treni na redio-kaseti, na kwamba ilizikwa ndani ya kihenge cha mpunga. Nakumbuka pia, au nadhani nakumbuka, kwamba ilipotolewa kanda iliyokuwamo haikuzunguka tena kwa sababu ya punje zilizoingia, na babu alicheka mpaka akakohoa. Nani aliwachongea, walikuja askari au mgambo, mdogo wake alikaa ndani siku ngapi, sikumbuki. Alitaja majina. Nilimsikia akiyataja, huku nikihesabu dakika zilizobaki niende kusikiliza nyimbo zangu.

Mdogo wake alikwisha kufariki. Kijijini nimewauliza wazee watatu. Mmoja anakumbuka kihenge, ila anasema ilikuwa cherehani.

Rekodi zile tatu zilikuwa kwenye aina ya faili iitwayo ACT, ambayo kwa miaka mingi kompyuta yangu ilikataa kuifungua, na CD ya programu ilikuwa imepotea siku nyingi. Hatimaye nilikuta kwamba watu wanaounda FFmpeg, programu huria ya kusoma sauti na video, walikuwa wameshaifundisha kusoma ACT. Sijui aliyefanya kazi hiyo alikuwa akitafuta sauti ya nani. Niliandika mstari mmoja wa amri, nikabonyeza, na babu akaanza kuzungumza katika chumba changu cha hosteli, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya kopo, vyura wa mpungani nyuma yake.

Zote tatu zina dakika 74. Nimezinakili mahali pane. Ya tatu inaishia anapoeleza jinsi vibarua walivyolipwa na walivyonunua, anataja bei ya redio yake, na anaanza kusema kwamba baadaye vitu vilipoadimika redio ile ilimletea maneno. Hapo bibi anasikika akiita kutoka jikoni. "Zima kwanza, mchumba," babu anasema, "tukale, hiyo nitakumalizia kesho."

Ya kesho ipo kwenye orodha. Ina dakika 41.